Kibao cha Jikoni: Ujue Mti Wake Kabla ya Kuweka Chakula



Ukiingia katika jiko la familia yoyote ya mfanyakazi, liwe la Korogwe mjini, la Handeni au la Magomeni jijini Dar es Salaam, utakuta miti mingi kuliko unavyodhani. Mwiko wa kusongea ugali ni mti. Kinu na mchi wake ni mti. Mbuzi ya kukunia nazi, kibao cha kusukumia chapati, ubao wa kukatia nyama na mpini wa upawa, vyote hivyo ni mti. Chakula chetu hugusana na mti tangu kinapotoka sokoni hadi kinapofika mezani. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mama au baba wa nyumba akiuliza: kibao hiki kilikuwa mti gani? Nacho kilipakwa nini kabla ya kuletwa hapa?

Maswali hayo mawili ndiyo shabaha ya safu yetu Jumapili hii. Tutaeleza jinsi ya kujitengenezea vibao vya aina mbili: kibao cha kukatia, ambacho kila nyumba inakihitaji, na kibao cha kuchomea samaki juu ya makaa, ambacho ni kigeni kwa wengi wetu lakini si kigumu. Kazi yenyewe haihitaji karakana. Inahitaji msumeno, randa, msasa, subira, na zaidi ya yote, macho ya kuutambua mti. Anayejitengenezea kibao chake ana faida moja kubwa kuliko anayenunua: anajua kilikotoka.

Handeni na Korogwe

Tumechagua kuwazungumzia ndugu zetu wa Handeni na Korogwe kwa sababu wao wanakaa karibu na mti kuliko wengi wetu. Miji hiyo miwili ya Mkoa wa Tanga imetengana kwa barabara ya kilometa 65 tu, lakini nchi zake ni tofauti. Korogwe iko kandokando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, katikati ya mashamba ya mkonge. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na hadi leo mabasi yaendayo Moshi na Arusha hupita hapo. Mbao nyingi zinazouzwa katika miji ya chini ya Usambara ni laini, za paini na saiprasi, kutoka mashamba ya miti ya serikali kama lile la Shume wilayani Lushoto.

Handeni ni nchi kavu zaidi. Misitu yake ya asili ina mninga, mkongo, mpingo na mkwaju. Ni nchi ya nyuki pia, na asali yake inajulikana mbali. Basi, msomaji, shika mambo hayo mawili, mkwaju na nyuki, kwani tutayarudia hapa chini.

Mti upi unafaa?

Mti unaofaa kwa kibao cha kukatia lazima uwe na sifa nne. Kwanza, uwe mgumu kiasi cha kustahimili kisu, lakini usiwe mgumu kama chuma, maana utakiua makali. Pili, nyuzi zake ziwe zimeshikamana, vitundu vyake viwe vidogo, ili maji ya nyama yasipate mahali pa kujificha. Tatu, usiwe na harufu kali wala utomvu unaotoka kila mara. Nne, nalo ndilo kubwa, usiwe na sumu.

Mkwaju unatimiza sifa hizo vizuri sana. Huko Thailand, wachinjaji na wapishi kwa miaka mingi wamekuwa wakitumia vipande vya mviringo vya gogo la mkwaju kuwa vibao vya kukatia nyama, na vibao hivyo huuzwa hadi nchi za mbali. Sisi tunao mkwaju huohuo, tunautafutia ukwaju wa kutengenezea juisi, kisha tawi lake kubwa likianguka kwa upepo tunalifanya kuni. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

Mninga na mkongo ni mbao nzuri pia, kwani zikishakauka hazipindi ovyo. Mfenesi hutoa ubao wa manjano unaopigika randa kwa urahisi. Mchungwa mzee ambao hauzai tena hutoa mbao ndogo, nzito, zenye nyuzi laini. Na kwa kuwa machungwa hulimwa sana mkoani Tanga, hasa Muheza na hata Handeni, si vigumu kumpata mkulima anayeng'oa miti yake mikongwe ili apande mipya.

Paini na saiprasi waachie waezeka nyumba. Ni laini mno kwa kisu, na paini ina utomvu wenye harufu ya tapentaini ambao utauonja katika kachumbari. Mkulo wa Usambara, ambao ni mbao bora ya makabati, una harufu ya kafuri. Nguo zako utazihifadhi humo salama, lakini nyama yako usiikatie humo.

Miti ya kuogopa

Sasa tufike mahali ambapo kosa moja laweza kuipeleka familia nzima hospitali.

Katika misitu ya pwani na bara ya mashariki ya nchi yetu upo mti uitwao mchalaka, na wengine huuita msaraka. Wataalamu wa mimea huuita Spirostachys africana. Ubao wake unapendeza mno: kiini chake ni cha hudhurungi iliyokolea, kinang'aa kikipigwa msasa, na kinatoa harufu tamu kama ya msandali. Fundi asiyeujua atauona ni zawadi. Lakini maziwa ya mti huo ni sumu. Yanachoma ngozi, yakiingia machoni yanaweza kupofusha, na katika sehemu mbalimbali za Afrika yametumiwa kuvulia samaki kwa kuwalevya majini. Moshi wake nao haufai: watu waliochoma nyama juu ya kuni za mti huu wamepatwa na tumbo la kuendesha na kutapika vibaya. Kwa hiyo mchalaka hauwi kibao, hauwi mwiko, hauwi kijiti cha mshikaki, wala hauwi kuni za kupikia.

Fanya vivyo hivyo kwa mnyaa, ule wa kupandwa ua, na jamii yake yote yenye maziwa meupe makali. Mkorosho pia tuuache, kwa kuwa utomvu wake, na hasa mafuta ya ganda la korosho, huwasha ngozi. Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi: mti usioweza kuutaja kwa jina, usiuweke jikoni. Waulize wazee. Mzee wa Kizigua aliyekulia porini huutambua mti kwa gome, kwa jani na kwa harufu ya kidonda chake kabla wewe hujamaliza kuinua shoka.

Kuna hatari nyingine ambayo haitoki porini bali mjini. Mbao zilizotiwa dawa ni adui mkubwa zaidi kwa mfanyakazi wa mjini kuliko mchalaka, maana zinaonekana kila mahali na hazina harufu tamu ya kukushtua. Nguzo za umeme na za simu hutiwa dawa ili zisiliwe na mchwa. Baadhi hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, nazo huwa na rangi ya kijanikijani. Nyingine, pamoja na mataruma ya zamani ya mbao ya reli, hutiwa kreosoti, ambayo ni nyeusi na inanuka kama lami. Kipande cha nguzo kilichobaki barabarani ni kigumu, kimenyooka na hakina mwenyewe. Ndiyo sababu kinashawishi. Usikikatie nyama. Usikichome hata kwa kuchemshia maji ya kuoga, kwani aseniki haiishi kwa moto. Nyingine hubaki katika majivu na nyingine hupanda na moshi.

Mbao za makreti yanayobebea mizigo bandarini nazo zimekuwa samani za watu wengi. Tangu mwaka 2002 ipo kanuni ya kimataifa inayotaka mbao hizo zisafishwe wadudu kabla ya kuvuka mpaka, na zigongwe mhuri wenye alama ya suke la ngano. Usome mhuri huo. Herufi HT maana yake ubao ulisafishwa kwa joto. Herufi MB maana yake ulifukizwa kwa gesi ya sumu iitwayo methili bromaidi. Wenye MB uuache kabisa. Hata wenye HT hujui ulibeba nini njiani, huenda mbolea, huenda dawa ya mashambani. Utengenezee rafu ya viatu.

Mwisho, oili chafu ya gari. Mafundi wengi huipaka mbao ili kuzuia mchwa, na katika kuta za banda au nguzo za ua hakuna atakayewalaumu. Lakini mbao hizohizo hupasuliwa vipande na mabaki yakatolewa bure. Ubao mweusi unaoteleza kidoleni na kunukia gereji si ubao wa chakula, na hakuna sabuni itakayoiondoa oili iliyokwisha kuingia ndani ya nyuzi.

Usiuangushe mti kwa ajili ya kibao

Msomaji asije akatuelewa vibaya, akachukua shoka na kwenda kuutafuta mninga. Mti huo huhitaji miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na kibao chako hakizidi urefu wa mkono. Uvunaji wa mazao ya misitu unaongozwa na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002, na kusafirisha mbao bila kibali ni kosa. Dunia nayo imeanza kuitazama miti yetu kwa wasiwasi: mpingo uliingizwa katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa husimamiwa baada ya mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, na mninga na mkongo wa Afrika vikafuata katika mkutano wa Panama mwaka 2022.

Tunachokitafuta sisi ni masalio. Nenda kwa seremala anayetengeneza vitanda na milango, umwombe vipande vilivyobaki vya mninga au mkongo. Vingi huishia jikoni kwake kuwa kuni. Mwulize mkulima anayeng'oa mchungwa au mfenesi. Tafuta tawi la mkwaju lililoangushwa na dhoruba. Na ukiwa na shaka yoyote kuhusu mti wa asili, hata kama umesimama shambani mwako, pitia kwanza ofisi ya kijiji na ofisi ya misitu ya wilaya. Kuuliza si ujinga.

Kukausha

Mti mbichi umejaa maji. Ukitengeneza kibao leo kwa mti uliokatwa jana, mwezi ujao utakuwa na kitu kilichopinda kama kigae. Sababu yake ni hii: ubao unapokauka hausinyai kwa urefu, bali kwa upana, na husinyaa takribani mara mbili zaidi kufuata mduara wa gogo kuliko kutoka kiini kwenda gomeni. Ndiyo maana hupinda, na ndiyo maana gogo zima hupasuka kama mkate uliozidi moto.

Basi lipasue gogo lako mapema liwe mbao za unene wa inchi moja na nusu, ukikwepa kiini cha katikati kabisa, maana hapo ndipo mipasuko huanzia. Ondoa pia sehemu nyeupe ya nje iliyo chini ya gome. Hiyo ndiyo inayopendwa na dumuzi. Paka ncha mbili za ubao rangi au nta, kwa kuwa maji hutoka kwa kasi zaidi kwenye ncha na kuleta nyufa. Kisha zipange mbao kivulini, mahali penye upepo, ukitenganisha kila moja na mwenzake kwa vijiti vya unene mmoja, na juu uweke jiwe. Usizianike juani. Jua la Handeni mwezi wa Septemba litakausha ngozi ya ubao kabla ya moyo wake, na ubao utapasuka.

Wakati mzuri wa kuanza ni Juni, masika yanapokuwa yamekwisha. Utajuaje kuwa ubao umekauka? Usikisie. Mwombe mwenye duka jirani akupimie kwenye mizani yake mara moja kila wiki, na uandike uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Uzito utashuka kila wiki. Siku utakapoona wiki tatu zimepita bila kushuka, ubao umekuwa tayari. Hesabu miezi kadhaa, nawe usione ni mingi. Kibao kizuri kitakaa nawe miaka kumi.

Kutengeneza kibao cha kukatia

Kipimo kinachofaa familia ya watu sita ni sentimeta 40 kwa 25, na unene wa sentimeta 3. Kilicho chembamba kuliko hapo hupinda, na kilicho kinene zaidi humchosha mama kukiinua.

Kata ubao kwa kipimo hicho. Upige randa pande zote mbili, ukifuata mwelekeo wa nyuzi na si kinyume chake, kwani randa ikienda kinyume hung'oa vipande na kuacha mashimo. Weka ubao mezani na uangalie kama unayumba. Ukiyumba, tafuta pembe iliyo juu uipunguze kidogo kidogo. Zungushia kona zote tupa ili zisiwe kali. Kisha anza msasa, kwanza ule wa chembe kubwa, halafu wa kati, na mwisho laini. Baada ya msasa wa mwisho, pangusa ubao kwa kitambaa chenye maji na uuache ukauke. Utaona vinyuzi vimesimama kama vinyweleo. Vipige msasa laini tena. Ukifanya hivyo mara mbili, kibao hakitakuwa na vinyweleo tena siku ya kuoshwa.

Kama umepata gogo la mkwaju, unaweza kufuata njia ya watu wa Thailand: likate kwa mapana, upate kipande cha mviringo chenye unene wa sentimeta 6 au 8. Katika kibao cha namna hiyo nyuzi zimesimama wima kama bua za nyasi zilizofungwa pamoja. Kisu kinapopiga huingia katikati ya nyuzi badala ya kuzikata, na kikitoka nyuzi hurudi mahali pake. Ndiyo sababu hakichakai upesi, nacho hakiharibu makali. Ubaya wake ni kwamba hupenda kupasuka, hivyo kianze kikiwa kikubwa kuliko unavyohitaji.

Vaa kitambaa puani unapopiga msasa. Vumbi la mbao ngumu huwasha, na la mvule hasa huwaletea baadhi ya watu pumu na vipele. Watoto wasisimame karibu.

Usipake vanishi wala rangi. Kisu kitazibandua, nanyi mtazila. Hapa ndipo nyuki wa Handeni wanapokuja. Chukua sehemu moja ya nta safi na sehemu nne za mafuta ya nazi. Yaweke katika kopo, na kopo uliweke ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Usiiweke nta moja kwa moja juu ya moto, kwani huwaka. Ikishayeyuka, koroga, epua, na mchanganyiko ukiwa bado vuguvugu uusugue kwenye kibao kwa kitambaa, pande zote na hasa kwenye ncha. Kiache usiku kucha, asubuhi futa kilichobaki. Rudia mara tatu katika wiki ya kwanza, kisha mara moja kila mwezi, au kila unapoona kibao kimepauka.

Kibao cha kuchomea

Kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, wenyeji wa asili wa nchi hiyo tangu zamani wamekuwa wakiokea samaki juu ya mbao za mwerezi wa kwao. Ubao hukaa kati ya samaki na moto, samaki hashiki wala hapasuki, na moshi kidogo wa ubao unampa ladha. Tukilitazama jambo hili kwa makini, si geni kwetu. Jani la mgomba tunalofungia samaki kabla ya kumtia motoni hufanya kazi ileile: humkinga na ndimi za moto, hutunza majimaji yake na humwachia harufu yake.

Tahadhari moja kuhusu jina. Nasi tunao mti wa Usambara ambao wengine huuita mwerezi, lakini si mti uleule wa Amerika. Jina moja halifanyi mti mmoja. Mafuta yake yana harufu kali, nasi hatuushauri kwa chakula. Chukua mchungwa, mpera au mwembamba wa mkwaju.

Kibao hiki kiwe na urefu wa sentimeta 35, upana wa 18 na unene wa 2. Kisipakwe kitu chochote, hata nta. Saa mbili kabla ya kupika, kizamishe ndani ya maji na ukiwekee jiwe juu. Chukua perege, samaki wa mto Pangani ambaye watu wa Korogwe hawahitaji kuelezwa utamu wake. Mpasue, msafishe, mkamulie ndimu, umpake chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili kidogo.

Tandaza makaa yaliyokwisha kushika vizuri, yasiyo na ndimi za moto. Weka kibao juu ya wavu wa jiko kwa dakika tatu, kigeuze, na kitakapoanza kutoa harufu na moshi mwembamba, pakaza mafuta kidogo upande wa juu, mlaze samaki, na mfunike kwa sufuria. Usimgeuze. Baada ya dakika ishirini mpaka thelathini, kwa kadiri ya unene wake, nyama itakuwa nyeupe hadi kwenye mfupa na itaachana kwa uma. Kingo za kibao zitaungua na kuwa nyeusi. Hilo ni la kawaida. Zikishika moto, zirushie matone ya maji. Kwa hiyo usiondoke jikoni, na usifanye kazi hii ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa ya makaa huua bila kunuka. Kibao kimoja hutumika mara mbili au tatu, kisha huwa kuni.

Kuosha na kutunza

Wapo wanaosema kwamba kibao cha mti ni uchafu, na kwamba cha plastiki ndicho cha kisasa. Mwanasayansi Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walilichunguza jambo hilo na kutoa matokeo yao mwaka 1994. Walipaka vijidudu vya maradhi kwenye vibao vya aina zote mbili. Kwenye mti, vijidudu vilizama ndani ya nyuzi na baada ya muda mfupi havikupatikana kwa urahisi juu ya ubao. Kwenye plastiki vilibaki juu. Kibao cha plastiki kilichokwisha kuchanjwa na visu kilikuwa kigumu kukisafisha kwa mkono. Hiyo haimaanishi kwamba mti haupaswi kuoshwa. Maana yake ni kwamba mti mzuri, mkavu na ulioshwa haustahili dharau.

Kwa hiyo kioshe kila mara kwa maji ya moto na sabuni, pande zote mbili. Kikinuka samaki, kisugue kwa chumvi na ganda la ndimu. Usikiloweke kwenye beseni usiku kucha. Kisimamishe kwa ubavu ili upepo upite kote. Kibao kinacholala juu ya meza yenye maji huota ukungu upande wa chini, usikoona. Na uwe na vibao viwili: kimoja cha nyama mbichi na samaki, cha pili cha mboga, mkate na matunda. Ili watoto na wasaidizi wa nyumbani wasivichanganye, kata pengo dogo kwenye kona ya kile cha nyama. Hata gizani umeme ukikatika, kidole kitakitambua. Kibao kikipata ufa unaopitisha ukucha, muda wake umekwisha.

Ndugu msomaji, yaliyo juu hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji uulize kabla ya kununua. Unapoletewa kibao, mwiko au kinu mlangoni, hata kama bei ni nzuri, muulize muuzaji mambo matatu: huu ni mti gani, umetoka wapi, umepakwa nini? Muuzaji mwema atajibu, tena kwa fahari. Asiyejua, msamehe, lakini usinunue. Atakayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Tukutane Jumapili ijayo. Jumapili njema.